Mwanahawa Alipoulizwa Habari za Mwanawe

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyomo vifuani, aliyeniweka hai mpaka nikawaona watoto wa wadogo zangu wamekuwa watu wazima, na akaniachia macho ya kuandika haya. Rehema zake ziwe juu ya Mtume wetu, na juu ya wazee wetu waliotangulia, ambao mengi nitakayokuambia leo niliyapata kwao.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, majira ya baridi yakielekea ukingoni, nimekaa sebuleni kwa mdogo wangu Mwanahawa, kule Landover, nje kidogo ya Washington. Ni mtaa ambao siku za mechi hupati pa kuegesha gari, kwa sababu ya uwanja ule mkubwa. Siku hiyo hapakuwa na mechi, lakini mpira ulikuwa umeingia mpaka ndani. Kwenye kochi alikaa bwana mmoja wa makamo, Mmarekani, mpole, mkoba wake magotini. Alikuwa msaka vipaji, ametumwa na klabu moja kuja kuuliza habari za Idrisa, mtoto wa Mwanahawa.

Nikueleze kidogo, maana huenda mambo haya huyafuatilii. Idrisa alikuwa anamaliza chuo, na huko alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mkononi. Kazi yake haikuwa kufunga. Yeye alisimama mbele ya mrushaji wa mpira na kuzuia watu wasimwangushe, na akiifanya kazi hiyo vizuri hakuna anayelitaja jina lake. Kila mwaka majira ya kuchipua yakiingia, klabu za kulipwa huchagua vijana wa vyuo mmoja mmoja kwa zamu, siku tatu mfululizo. Wenyewe huita drafti. Miezi kabla ya hapo wataalamu huwapanga vijana hao kwenye orodha, huyu wa kumi, yule wa mia, na kila wiki hupangua na kupanga upya. Klabu nazo hazitosheki na mbio na misuli. Hutuma watu wakaulize tabia kwa walimu, kwa majirani, na kwa mama mzazi.

Basi yule bwana akanywa chai, akasifu sambusa, kisha akatoa kalamu. Akamuuliza Mwanahawa Idrisa ni mtu wa namna gani nyumbani.

Mdogo wangu akacheka, akaweka mkono mdomoni. Akajibu kwa Kiingereza chake kizuri cha miaka mingi ya kulea wazee wa watu huko Beltsville, lakini maneno yalikuwa ya kwetu Tanga matupu. Alisema, huyu? Huyu bado mtoto. Mvivu kidogo. Ukimtuma mpaka umwite mara mbili. Anapenda kulala. Tunamwombea tu, labda atakua.

Yule bwana akasema mbona walimu wake wanasifu nguvu zake. Mwanahawa akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akasema watoto wa wenzake wana nguvu kuliko yeye.

Mimi nilikuwa pembeni, nikitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa naona fahari, wallahi. Ndivyo tulivyolelewa. Mama hasimami mbele ya mgeni akamsifu mwanawe. Akifanya hivyo ameonekana hana haya, na amemweka mtoto kwenye macho ya watu. Mgeni husifu, mzazi hushusha, mgeni husifu tena. Tatizo ni kwamba mgeni huyu hakusifu tena. Aliandika.

Idrisa alikuwa jikoni, na mlango ulikuwa wazi. Akaja na sahani nyingine ya sambusa, akaiweka mezani taratibu, akarudi alikotoka.

Wiki chache zikapita. Siku moja nikiwa mtaa wa Shaw, Washington mjini, kwenye mgahawa wa Wahabeshi ambako vijana wetu hukutana baada ya kazi, nikawakuta wanabishania orodha mpya kwenye simu. Mmoja wao ni Kamau, kijana wa Nakuru anayeendesha teksi, mdomo wake hauna breki. Aliponiona akaniita nikae.

"Mama, kijana wenu amedropu vibaya," akasema. "Mwezi jana alikuwa wa siku ya pili. Saa hii, hata siku ya tatu ni maombi."

Mwenzake akamwambia akome, huyo ni mama yake mkubwa.

"Si mimi nimempanga. Na sijasema hachezi poa. Wanasema ati hana njaa ya kazi. Ati mtu wa karibu naye ndiye amesema." Akanitazama. "Ni nani huyo adui, Mama? Tumtafute?"

Vijana wakacheka. Mimi nikaiacha chai mezani. Nikapanda treni kurudi, na njia nzima nikawa najiuliza nimwambie Mwanahawa au nimfiche.

Sikuwa na haja ya kujiuliza. Nilipofika kwake nilimkuta amekaa kwenye ngazi za ndani, bado na sare ya kazini, simu mkononi. Wakala wa Idrisa alikuwa ameshampigia. Aliuliza kwa upole kama kuna jirani au ndugu asiyemtakia mtoto mema. Mwanahawa aliniambia, "Dada, ni mimi. Nimemfungia mwanangu mlango kwa mdomo wangu."

Kuanzia siku hiyo hakula chakula kikaeleweka. Kwenye basi asubuhi alikuwa anatazama orodha. Akimlisha mzee wa watu uji, anatazama orodha. Kila alipoona jina la mwanawe limeteremka, aliniletea simu niliangalie, kama vile mimi ningelisoma kwa juu zaidi. Akisali hukaa kwenye mswala muda mrefu, na nikamsikia anaomba msamaha badala ya kuomba riziki. Idrisa naye alikuwa anarudi nyumbani mwisho wa wiki, anaosha vyombo kabla hajaambiwa, anatoka kukimbia, anarudi. Walikuwa wanapishana koridoni kama wapangaji.

Nikaona nimsimulie Mwanahawa jambo ambalo hakuwahi kulijua, kwa kuwa wakati ule yeye alikuwa mdogo wa kubebwa. Nawe nakusimulia.

Nilipochumbiwa mimi, wazee wa upande wa mume walikuja kwetu kuleta posa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikisikiliza. Mzee mmoja akasema wamesikia binti ni hodari. Baba yangu, ambaye nilimpikia kila siku tangu mama alipoanza kuugua, akacheka akasema, "Hodari wa nini? Hata kubandika chungu hajui. Mkimchukua mtakuwa mmetusaidia."

Nililia mwanangu, mpaka kanga ikalowa. Nilijua ni adabu. Kila msichana anajua. Lakini kujua hakunizuia. Nikajiuliza, je, na kama ndivyo anavyoniona? Kwa sababu katika maisha yangu yote baba hakuwahi kuniambia lolote lililo kinyume cha hayo.

Wageni walipoondoka, bibi yangu mzaa baba alinikuta nilivyo. Hakunibembeleza. Alimwita baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu, akamsimamisha mbele yangu.

Akamwambia, "Wale wazee wamekuelewa. Wameondoka wanajua binti yetu ni dhahabu, kwa kuwa na wao hushusha wa kwao hivyo hivyo. Lakini huyu hapa si mgeni. Ulichowanyima wageni kwa adabu, mpe mwenyewe kwa haki yake. Ukiondoka bila kumpa, umedhulumu."

Baba alitazama sakafu. Kisha akasema, "Mwanangu, ukitoka, nyumba hii itanipwaya."

Hakusema zaidi. Ndiyo sifa pekee niliyopata kwa baba, na imenitosha mpaka leo nimeshamzika, nimemzika na mume, na nimekuwa bibi.

Nilipomaliza kumsimulia, Mwanahawa alikuwa analia. Nikamwambia ana mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni la dini. Ukiulizwa habari za mtu na anayekuamini, hiyo ni amana na ni ushahidi, na ushahidi haupunguzwi kama ambavyo hauongezwi. Yule bwana hakujua mchezo wetu wa kushusha na kupandisha. Alipewa neno akalichukua lilivyo. Apigiwe simu apewe ukweli. La pili, Idrisa aambiwe.

La kwanza alilifanya siku hiyo hiyo, nikiwa nimemshika bega. Akamwambia yule bwana kwamba aliulizwa akajibu kwa adabu za kwao, na sasa anaomba ajibu upya. Akamweleza kwamba yeye mama alipoteleza kwenye barafu akavunjika kifundo cha mguu, Idrisa alikuwa anakuja kutoka chuoni kila Ijumaa, anambeba kupanda ngazi, anamfulia nguo na kuzikunja vibaya, anampikia wali unaoungua chini, na Jumatatu alfajiri yuko mazoezini. Wala hakuwahi kulalamika kuwa amechoka. Kisha yule bwana akamwomba arudie polepole, aandike. Akashukuru. Hakuahidi chochote, alisema orodha haipangwi na mtu mmoja, na mengine yameshatoka mikononi mwake.

La pili Mwanahawa hakulifanya. Kila nikimuuliza ananiambia kesho. Atamwanzaje? Hatukuzoea. Kumwambia mtu mzima, tena mwanaume mrefu kama mlango, kwamba wewe ni mwema, uso kwa uso? Alisema maneno yanamganda. Mimi nikamwacha, kwa kuwa neno la namna hiyo halitolewi kwa kusukumwa.

Ikafika drafti. Siku ya kwanza hatukutarajia kitu. Ya pili tulikuwa na tumaini dogo, likapita. Jumamosi, siku ya tatu, tukakaa sebuleni mchana kutwa. Mwanahawa alikuwa amepika biriani ya watu wengi, na hakuna aliyeigusa. Majina yakawa yanapita kwenye televisheni, kijana huyu, kijana yule, familia zao zinaruka na kukumbatiana. Simu ya Idrisa ilikuwa juu ya meza, kifudifudi. Ilipotikisika, wote tuliigeukia. Alikuwa ni Kamau anauliza kama tayari.

Majina yakabaki machache sana. Idrisa akainuka, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za mlangoni. Mwanahawa akanitazama. Akajifunga ushungi, akamfuata. Dirisha lilikuwa wazi, nami sikuondoka pale nilipokuwa.

Idrisa, kama ujuavyo watoto waliozaliwa huku, husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Alimuuliza mama yake bila kugeuka, kwa sauti ya chini, kama kweli anamwona mvivu.

Hakuuliza kwa nini mama alimwambia yule bwana vile. Hakutaja orodha wala klabu. Miezi yote ile sisi tulikuwa tunahofia nafasi yake, na yeye alikuwa amebeba jambo jingine kabisa.

Mwanahawa alikaa kwenye ngazi kando yake. Kisha akasema, "Idrisa, nilipovunjika mguu niliogopa, nikaona aibu kuonyesha mbele ya watu. Ulipokuwa unanibeba, sikuogopa. Hujawahi kuwa mvivu. Mimi nina mtoto mwema, na nimekaa naye miaka yote hii sijamwambia."

Yule mtoto mkubwa akainamisha kichwa kwenye bega la mama yake. Nilifunga dirisha.

Jina lake halikuitwa. Televisheni ilimaliza, watangazaji wakaaga, tukazima. Zipo klabu ambazo baadaye huwapigia vijana walioachwa kuwaalika mazoezini bila ahadi, na jioni ile ile, kabla ya magharibi, yule bwana wa sambusa alipiga. Idrisa alienda. Walikaa naye kiangazi chote, kisha wakamwacha. Mwaka uliofuata klabu nyingine ikamchukua, na mpaka naandika yuko nao, anakaa benchi kuliko anavyocheza. Kama ni neno la mama lililomshusha, au magoti ya wenzake yalikuwa imara zaidi, Mungu ndiye ajuaye. Mwanahawa ameacha kuuliza.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usiache unyenyekevu wa kwetu. Ni nguo nzuri, na umefumiwa na watu waliokupenda. Lakini mtazame unayesema naye. Anayeijua adabu hiyo, shusha naye. Asiyeijua na amekuuliza kwa haki, mpe ukweli bila chumvi na bila kuupunguza, kwa maana utaulizwa juu ya ushahidi wako. Na hata ukikosea na wageni, usimwache wa nyumbani kwako akisubiri. Watu wa nje watampanga wapendavyo, leo juu, kesho chini, na hutaweza kuwazuia. Mahali pake kwako ni wewe tu unayeweza kumwambia. Mwambie akiwa bado anaweza kukusikia. Kama maneno yanakuganda, sema moja, kama baba yangu.

Nawe kijana unayesubiri kuitwa na watu, iwe ni klabu, kazi au chuo, ukawa na hofu usiku na mchana, ujue riziki yako imeshaandikwa na Asiyesahau jina. Fanya kazi yako, kisha upumue.

Mwenyezi Mungu akufungulie ulimi kwa uwapendao, akutulize moyo wakati majina ya wengine yanaitwa, akupe wazazi wanaokusema kwa wema na watoto watakaokubeba siku mguu wako utakapokataa. Akuhifadhi wewe uliyesoma mpaka hapa, na wa nyumbani kwako, popote mlipo. Amin.