Bastola ndani ya Debe la Samli

Walisema sitamaliza hata baridi moja. Mtaani kwetu Mombasa nilikuwa fundi wa stovu za mafuta ya taa, na siku habari za safari yangu zilipofika kwenye baraza la kahawa, watu walicheka mpaka vikombe vikamwagika.

"Wewe wa stovu uende Ulaya ukafunzwe bunduki?" alisema mmoja. "Watakufunza kufagia."

"Akirudi na cheti," akadakia mwenzake, "mimi natembea kwa mikono hadi Kilindini."

Leo diploma yangu ya ufundi wa bunduki iko ukutani, ndani ya kioo, na anayeingia dukani kwangu huiona kabla hajaniona mimi. Nimeitundika pale makusudi. Katika darasa letu nilikuwa mweusi peke yangu, na katika mtihani wa kutengeneza mtambo wa kufyatulia wa bunduki ya mitutu miwili, mwalimu aliichukua kazi yangu akawapitishia wenzangu waitazame. Nayasema haya kwa sababu ni kweli.

Nauli na karo nilikopa. Jirani muuza mbao alinipa, rafiki wa marehemu baba alinipa, na shangazi yangu aliuza bangili zake za dhahabu, zote. Niliondoka nikijua jambo moja: bila diploma sina karakana, na bila karakana watu hawa hawataziona fedha zao.

London nilipanga chumba mtaa wa Queensbury, katika nyumba ya mzee wa Kihindi na mkewe. Walikuwa wametoka Kenya, mwaka mmoja tu kabla yangu, na vitu vyao vilikuwa bado vimefungwa kamba kwenye ukumbi, kama watu wanaosubiri gari. Kule bara mzee alikuwa na duka katika mji mdogo wa mashamba ya Wazungu. Watoto wao walikuwa wakubwa, wana duka lao Wembley, wakija huzungumza Kiingereza wakiwa wamesimama, kisha huondoka.

Nyumba ile nyama haikuingia wala samaki. Nami ni mtu wa pwani. Jioni nikitoka kwenye karakana ya bunduki nilikofanya kazi huku nasoma, nilinunua samaki wa kukaanga kwenye karatasi, nikamla kwenye benchi karibu na stesheni, kola nimeinua, vidole vimekufa ganzi. Watu walipita mbele yangu na mbwa wao. Mbwa walinitazama, wenyewe hawakunitazama. Nikimaliza nilinawa mikono kwa sabuni kwenye choo cha stesheni, mara mbili, ndipo nikaenda nyumbani.

Nyumbani palikuwa na kitu kimoja cha kunirudisha upesi: Kiswahili. Mzee alikuwa na Kiswahili cha dukani, kile cha bara, ambacho Mombasa tungekicheka. London sikukicheka. Siku nzima karakanani nilikuwa naambiwa "shika" na "leta" kwa Kiingereza, na pale sebuleni mtu aliniuliza, "Habari ya kazi, fundi? Wazungu naleta matata?" Nilikuwa tayari kumsikiliza akinieleza bei ya sukari ya zamani mpaka chai ipoe.

Katika karakana yetu jambo la kwanza nililofunzwa halikuwa tupa wala kinoo. Mteja akiingia na bunduki, msimamizi hakuitazama bunduki, alitazama cheti cha polisi. Hakuna cheti, mkono haugusi. Bastola ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Kila moja iliandikwa peke yake, na mwenyewe alitakiwa awaeleze polisi sababu yake ya kuitaka. Sheria ile niliisoma mpaka wenzangu wazawa wakawa wananiuliza mimi.

Basi Jumapili moja baada ya chai, mzee alitoka ukumbini na debe la samli. Aliliweka mezani, akafungua kifuniko, akatoa magunia mawili matupu, kisha kitambaa kilicholowa mafuta. Ndani ya kitambaa kulikuwa na bastola. Ilikuwa imekuja kwa meli pamoja na masufuria.

"Wewe iko fundi ya bunduki," alisema, macho yanang'aa. "Mimi iko na bunduki. Nyundo yake nakwama. Tengeneza."

Nilirudisha mikono yangu chini ya meza.

"Mzee, una cheti?"

"Iko!" Akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri ndani ya nailoni, imejaa mihuri. Ilikuwa leseni ya Kenya, ya tangu enzi za ukoloni, ikahuishwa mwaka hadi mwaka. Kule kila jioni alifunga duka, akaiweka bastola kiunoni ndani ya koti, akatembea na fedha za siku hadi nyumbani, na askari aliyekutana naye alimpigia saluti. "Tazama sahihi hii. Mzungu mwenyewe naweka."

"Mzungu wa Kenya, Mzee."

"Mzungu iko mmoja tu. Yule natoka hapa hapa."

Alisema kwa imani ya mtu mwaminifu. Kwake yeye alikuwa ameipeleka leseni nyumbani kwa mwenye kuitoa. Nilimweleza kwamba hapa karatasi ile haina nguvu, na kwamba kuwa na bastola ndani ya nyumba bila cheti ni jela.

"Basi mimi naomba cheti yao. Nasema vijana wananifuata toka stesheni, wanatupa mawe kwa duka ya mtoto yangu. Nataka kujilinda."

"Ukisema unataka kujilinda, hapo hapo watakunyima."

Alinitazama, kisha akacheka, akamgeukia mkewe mlangoni. "Nasikia huyu? Sasa bastola kazi yake nini? Kukuna mgongo?"

"Kupiga shabaha, Mzee. Kwenye klabu. Wanapiga karatasi."

"Karatasi?"

"Karatasi."

"Watu mzima napiga karatasi," alisema polepole, "na mimi napigwa mawe."

Mimi pia vijana wale walikuwa wamenitemea mate kwenye ngazi za stesheni. Kisha akaiegemea meza. Alijua habari za deni langu, nilimwambia mwenyewe jioni moja ya upweke.

"Fundi. Tengeneza nyundo tu. Deni yako yote Mombasa, mimi nalipa. Mama yako ile, dada ya baba, napata bangili mpya. Kesho."

Niseme wazi: kwa mkono wangu, kazi ile isingezidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Niliona kutu ilipokamata, na niliona dawa yake. Wiki nzima karakanani niliitengeneza kichwani. Nilimwona shangazi akivaa bangili. Lakini niliona pia polisi mlangoni, mzee na koti lake kizimbani, na mimi nikisindikizwa kwenye ndege mikono mitupu. Ningewapa wale wa baraza kicheko cha maisha. Jumamosi nilimwambia sitaigusa, na kwamba siwezi kulala nyumba moja nayo. Ama tuwaite polisi waichukue, ama nihame.

"Wewe naogopa," alisema.

"Naogopa, Mzee."

Mkewe ndiye aliyekata shauri. Alikuja na kitambaa cha mezani, akalifunika debe lote kama mtu anayefunika maiti. "Mimi nalala na kitu hii chini ya mto miaka mingi," alimwambia mumewe, kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Huku nataka kulala na wewe tu. Fundi, nenda ita watu yako."

Nilikwenda kituo cha polisi kwa miguu, mikono mitupu, kwa maana kuibeba tu barabarani lilikuwa kosa jingine. Nilirudi na ofisa mrefu, mtu mzima. Mzee alikuwa amevaa suti na tai. Alimpa leseni kwa mikono miwili. Ofisa aliisoma yote, bila haraka, kisha akauliza kwa Kiingereza kwa nini aliileta. Mzee akasema ukweli: "Kumlinda mke wangu."

"Hapa hiyo si sababu, bwana," alisema ofisa, kwa upole. Akaichukua bastola. Leseni akaiacha mezani. Baadaye waliarifiwa kwamba hakutakuwa na kesi, kwa kuwa wameisalimisha wenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mzee jikoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Good morning," alisema.

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Tangu siku ile hakunisemesha tena neno la Kiswahili. Hakunitukana wala hakuniongezea kodi. Alinisalimu kwa Kiingereza safi, kama anavyosalimiwa mtu wa posta, akarudi kwenye gazeti lake. Baridi mbili zilizonibakia ziliisha hivyo. Nilisoma kwa bidii ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, maana sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Usingizini nilijibizana na watu wa nyumbani. Siku ya kuondoka mzee alinipa mkono, akanitakia safari njema kwa lugha ile ile. Mkewe alinifuata hadi getini, akatazama nyuma kwanza, ndipo akasema, "Salimia Mombasa, fundi."

Nilirudi na diploma. Nikaomba leseni ya kutengeneza silaha, nikaipata, maofisa walipoona vyeti vyangu hawakuwa na la kuuliza. Wawindaji walikuja, wenye mashamba walikuja, polisi wenyewe walileta kazi. Na siku ikafika nikawaita wote walionikopesha waje karakanani, nikawalipa mmoja mmoja, hadharani, mlango wazi ili mtaa uone. Muuza mbao alinikumbatia. Rafiki wa baba aliniombea dua.

Shangazi alikuwa wa mwisho. Alizifunga fedha kwenye pembe ya leso yake bila kuzihesabu, akakaa kwenye kigoda, akainua macho kuitazama diploma. Hakujua kusoma.

"Miaka yote ile, mwanangu," alisema, "ulikuwa ukila na nani?"

Nilianza kumweleza jinsi kazi yangu ilivyopitishwa darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza tena.

"Peke yangu, shangazi," nilisema. "Benchini."

Akanishika mkono, mlango ukiwa bado wazi.