Palizi ya Usiku

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, ilikuwa kukagua nyayo za mama yangu mdogo.

Aliitwa Kabula. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya mbali na alikuwa ameniacha kwa bibi, kijijini upande wa Magu. Mwaka ule Kabula, mdogo wake wa mwisho, alirudi kwa bibi kutoka Igoma alikokuwa akiuza vitenge. Alirudi amechoka. Sina neno jingine, na hata yeye hakuwa nalo. Hakukohoa wala hakuwa na homa. Alilala jua likizama, akaamka limeshapanda, na alipoketi kitandani alishika kingo kwa mikono miwili kama mtu aliyeshushwa kwenye lori baada ya safari ya siku tatu. Akienda kuchota maji aliketi njiani, ndoo pembeni, akiitazama nyumba yetu kana kwamba iko ng'ambo ya ziwa.

Ulikuwa msimu wa palizi ya pamba. Mjomba Masanja, kaka yake, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ulimi.

"Mama wa mjini ameamka?" aliuliza kila asubuhi akinoa jembe. "Muulizeni kama chai tumpelekee kitandani."

"Niache, Masanja. Nakuja."

Na kweli alikuja. Alipalilia mstari mmoja na nusu, akakaa chini katikati ya pamba, na wenzake wakacheka.

Bibi hakucheka. Kwetu Usukumani, wakati ule na hata sasa, mtu anayeamka amechoka kuliko alivyolala hujulikana usiku alikuwa wapi: analimishwa. Wachawi humchukua, wakamtia jembe mkononi, akalima mashamba yao mpaka jogoo wa kwanza. Yeye hakumbuki kitu. Kinachobaki ni uchovu na, mara nyingine, udongo miguuni.

Basi kila jioni bibi alimwosha mama mdogo miguu kwa maji ya vuguvugu, akamsugua visigino kwa jiwe, kisha akamwaga jivu mlangoni ili alama za nyayo zionekane. Asubuhi aliniita mimi, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza ukungu.

"Mume wangu," alisema, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "tazama. Usiniambie ninachotaka kusikia. Niambie unachoona."

"Safi, bibi."

"Katikati ya vidole?"

"Safi."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Basi hata wachawi wamemkataa," alisema. "Na wao wanataka mtu wa kazi."

Mama mdogo aligeukia ukutani. Siku hiyo mjomba alitangaza kwamba nyayo zikiwa safi mpaka Jumapili, Kabula atapimiwa mistari kama wanawake wengine, na asiyemaliza mistari yake asikaribie sufuria. Bibi hakumpinga. Imani yake nayo ilidai ushahidi.

Jumamosi, kabla ya watu kuamka, nilikwenda nyuma ya zizi, nikamega udongo mwekundu wa kichuguu, nikautemea mate. Mama mdogo alikuwa amelala. Nilimpaka kwenye nyayo, nikapenyeza kidogo kati ya vidole. Miguu yake ilikuwa ya baridi, na nilishangaa ilivyokuwa myepesi. Hakustuka.

Bibi aliponiita, nilitazama kwa muda uleule wa kila siku.

"Kuna udongo," nilisema.

Bibi alikaa chini. Mjomba aliingia, akapiga magoti, akaugusa, akanusa kidole chake. Alichukua jembe lake, akaenda kupalilia mistari ya dada yake kabla ya mistari yake mwenyewe. Mchana wanawake waliomcheka walikuja mmoja mmoja na uji na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, wakaketi kando ya kitanda. "Pole na kazi, Kabula," walimwambia, salamu tunayompa mtu yeyote anayetoka shambani. Hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza.

Ningependa kuishia hapo.

Jumapili bibi aliniita tena. Sikuwa nimepaka kitu. Niliinama nikiwa tayari kusema safi, na udongo ulikuwapo. Haukuwa mwekundu. Ulikuwa mweusi, mzito, umeanza kupasuka kwa kukauka: udongo wa mbugani, wa majaruba ya mpunga. Mbuga ya karibu ilikuwa mwendo wa saa nzima kutoka kwetu. Nilitazama mlangoni. Jivu lilikuwa kama bibi alivyolimwaga, halina hata alama ya kuku.

"Unaona nini, mume wangu?"

"Udongo, bibi." Sikusema wa rangi gani.

Mama mdogo alikuwa macho. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtoa mtoto wasiwasi.

"Leo lilikuwa shamba kubwa," alisema.

Sikumgusa tena miguu. Asubuhi zilizofuata bibi aliponiita nilisimama mbali na kitanda na kujibu bila kuinama.

Akaletwa mganga, zikaja dawa za kuoga na za kuchanja. Mvua zikapita. Mjomba alipombeba kwa baiskeli mpaka barabarani na kumpeleka hospitali Mwanza, madaktari walisema ni saratani ya damu, na kwamba amechelewa. Hakurudi. Nimeishi nikijua kwamba udongo wangu ulimpa mapumziko na kwamba udongo huohuo ulimchelewesha.

Baadaye nilikwenda chuo kikuu kusomea udongo. Watu hudhani ni kwa sababu ya pamba. Nimefanya kazi maabara miaka mingi, na naweza kueleza kwa nini udongo wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Jinsi ulivyofika kwenye nyayo zile naweza kubuni maelezo mawili au matatu. Hakuna linaloniridhisha.

Mke wangu, Konsolata, alianza matibabu ya saratani ya titi tukiwa tunaishi Mkolani. Kila wiki ya tatu alitundikiwa dawa, na mimi nilinunua daftari. Niliandika joto la mwili, alichokula, masaa aliyolala.

"Umelala masaa kumi," nilimwambia asubuhi moja. "Jitahidi tutembee mpaka dukani. Muuguzi alisema kutembea kidogo kunasaidia."

"Nimelala, Baba Lucy. Sijapumzika."

"Lakini masaa kumi..."

"Basi andika hapo kwenye daftari lako kwamba mkeo mvivu."

Muuguzi alisema hivyo kweli. Alisema pia kwamba uchovu huu hauondoki kwa kulala, kwamba ugonjwa na dawa vyote viwili vinauleta, na kwamba mgonjwa achague machache anayoyapenda, nguvu yake aipeleke huko. Nusu hiyo ya pili sikuiandika.

Mchana ule nilimsimulia habari za Kabula. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amesinzia.

"Ulimpaka ili wamwamini," alisema.

"Ndiyo."

"Kile kichuguu cha hapa kwetu, nyuma ya choo, bado kipo?"

"Kipo."

"Nenda kanimegee na mimi."

Alicheka mpaka kicheko kikamchosha. Mimi sikuweza.

Jioni ile nilimletea beseni la maji ya vuguvugu nikamwosha miguu. Daftari nililiweka juu ya kabati. Kuanzia hapo kila asubuhi nilimwambia, "Pole na kazi," naye alinijibu kama mtu anayerudi kutoka mahali. "Leo palikuwa pagumu." Au: "Leo wamenirudisha mapema." Siku alizorudishwa mapema tuliketi nje, tukitazama kipande cha ziwa kinachoonekana kati ya mawe. Alhamisi alichagua kwenda mazoezi ya kwaya yake. Hakuimba, aliketi kwenye benchi la nyuma, akisahihisha sauti ya pili kwa kidole. Ijumaa nzima alilala kwa ajili ya saa ile moja, na nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyemwambia ajitahidi.

Bibi yangu alikosea kuhusu wachawi, au nadhani alikosea. Lakini aliuona uchovu ule kuwa ni kazi, na akamwosha miguu aliyeifanya. Mimi na shahada zangu nilihitaji kuchekwa kwanza.

Nilimkagua Konsolata nyayo kila asubuhi. Nilimwambia naangalia kama miguu imevimba. Zilikuwa safi siku zote, hata siku ya mwisho.

Sasa nalala peke yangu, na nalala vizuri. Naamka nimechoka. Kabla ya kusimama nageuza nyayo zangu kwenye mwanga wa dirisha, kwanza kisigino, kisha katikati ya vidole, kama nilivyofundishwa. Udongo ninaoutafuta naujua. Siku nitakayoukuta sitaogopa. Nitajua Konsolata yuko wapi, na kwamba usiku nilimpunguzia mistari.

Leo asubuhi zilikuwa safi.