Kuku Asiyedonoa

Kazini walimwita Bi Daftari, tena kwa kejeli. Miaka kumi na moja alikuwa akilisha kuku wa kituo cha utafiti, na kila asubuhi, akishafagia banda, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaandika nani kamdonoa nani na nani kampisha nani. Hakuna aliyemtuma. Alipenda tu, na kuku, usiwaone vile, wana mambo mengi.

Mwaka huo akaja mtaalamu mpya, kijana mwenye shahada na haraka. Siku ya kwanza tu alijitwalia kiti chenye mto katika chumba cha chai. Bi Daftari alikuwa na stuli yake ya mlangoni. Kazi ya mtaalamu ilikuwa kuwapanga matetea ishirini, kila mmoja na pete yake mguuni, kwa cheo, kuanzia mkubwa wao hadi wa mwisho. Akahesabu madonoo siku tatu, ukubwa akampa Pete Bluu, kuku mwenye fujo zake, na ripoti akaituma. Ndipo akafungua daftari la mlisha kuku. Mle mkubwa alikuwa Pete Nyeupe, ambaye mwezi mzima hakumdonoa mwenzake hata mara moja.

"Mama, hapa umekosea. Andika upya, lifanane na ripoti. Wakaguzi wanakuja kesho kutwa."

"Hadonoi kwa sababu hana haja. Wenzake wanampisha."

"Mkataba wako unaisha Ijumaa, na anayesaini ni mimi. Tuelewane."

Yalimchoma maneno yale. Dada yake alimshauri aandike tu, yaishe.

"Kwani kuku watakushtaki?"

"Hawatanishtaki. Lakini miaka kumi na moja sijawasingizia, na sianzi leo kwa ajili ya mtoto yule."

Wakaguzi walipofika, kuku walikuwa bado hawajalishwa. Bi Daftari aliingia bandani na chombo kimoja tu cha chakula, chembamba, cha kutosha kichwa kimoja. Mtaalamu alimkata jicho, naye akajifanya hajaona. Pete Bluu akafika mbio, akawatandika wenzake kushoto na kulia, akaanza kula. Kisha Pete Nyeupe akaja zake taratibu. Pete Bluu aliinua kichwa, akamwona, akasogea pembeni.

"Nani aliyeliona hili?" mkaguzi mmoja aliuliza.

"Kituo," mtaalamu alisema.

"Mimi," alisema Bi Daftari, akampa daftari.

Ijumaa, saa ya chai, mtaalamu alimkuta ameketi kwenye kiti chenye mto, anapuliza kikombe chake.

"Hicho kiti changu, mama."

"Najua, mwanangu." Akamsogezea fomu ya mkataba na kalamu. "Stuli ipo pale mlangoni. Inafaa kabisa kwa kuandikia."

Kijana aliwatazama wenzake, na kila mmoja alitazama chai yake. Akaenda mlangoni, akaivuta stuli.