Mpelelezi Aliyeishi Kwenye Pipa

Nilipokuwa darasa la tano nilikuwa na mpelelezi wangu mwenyewe. Mwili wake ulikuwa wa mtu, kichwa na ngozi vya chura, ingawa nilimnunia kila aliyemwita chura. Aliweza kuishi chini ya maji na juu ya ardhi, na asipokuwa kazini alilala ndani ya pipa la bluu la uani kwetu Keko, tulilokingia maji ya mvua. Alivaa koti refu lenye mifuko sita. Kazi yake ilikuwa kuchunguza habari za majini, mizimu na vibwengo, yale mambo ambayo watu wazima waliyazungumza kwa kunong'ona halafu wakatufukuza tukacheze.

Baba alikuwa fundi samani, karakana yake ikiwa kando ya barabara, mbele ya nyumba. Nilimchora mpelelezi kwa penseli ya seremala, ile bapa, na karatasi zangu zilikuwa zile ambazo wateja walimchorea baba vitu wanavyovitaka. Ukishika kitabu changu chochote, upande mmoja mpelelezi anakabana koo na shetani, upande wa pili kuna kabati la milango mitatu na vipimo vyake. Leo naishi kwa kuchora, nina kompyuta na kalamu yake maalumu, na bado sijapata karatasi ya kunipa raha kama zile zilizojaa vumbi la mbao.

Mpelelezi alikuwa na sharti moja. Ukurasa wa mwisho lazima aandike alichokikuta, ampendeze mtu au amchukize.

Kuna mteja alirudisha kabati akidai kuna kitu kinagonga ndani yake. Alishaita shehe nyumbani akasoma, kugonga kukaendelea. Mpelelezi aliingia kabatini, akajifungia humo kwa kurasa nne, akatoka na jibu: mbao za mninga zilikuwa mbichi, na zilipokauka zikaanza kupasuka. Nilikuwa nimemsikia baba akimfokea muuza mbao kwa jambo hilohilo. Baba aliposoma alicheka mpaka akakaa chini, kisha akagundua kuwa mteja ameshasoma kabla yake.

"Wewe mtoto! Huyu chura wako atatulaza njaa."

"Siyo chura, baba."

Alininyang'anya penseli wiki nzima.

Msomaji wangu mkubwa alikuwa bibi, mama yake baba, tuliyeishi naye. Alisoma msahafu vizuri, ila herufi hizi za shuleni hazikumhusu, kwa hiyo nilimsomea alasiri akiwa mkekani anapepeta mchele. Nikisoma, yeye aliishika karatasi mbali na macho akaangalia picha moja moja. Kwa utani wetu wa pwani mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, basi bibi aliniita mke mwenza. "Haya, mke mwenza," alisema, "chura wetu leo kaingia wapi?" Ni yeye tu niliyemruhusu kusema chura.

Na hasa mpelelezi nilimbuni kwa ajili yake. Babu yangu, fundi aliyeianzisha karakana ile, siku moja alikwenda kuoga baharini Kawe, wakati baba bado mtoto, asirudi. Kwenye mchanga zilikutwa nguo zake zimekunjwa, makubazi yamewekwa juu. Mwili haukuonekana. Bibi alisema jini mwanamke wa baharini alimpenda, akamchukua akaishi naye huko chini, na mtaa mzima ukakubali. Kila Alhamisi alifukiza ubani na kuweka kisahani cha halua kwenye mlango wa nyuma, ili babu akiruhusiwa kutoka asikute amesahauliwa. Kwenye shughuli za mtaani bibi alikalishwa mbele. Wanawake waliosumbuliwa na waume zao walimjia awaombee dua, maana aliyevumilia mumewe kuchukuliwa na jini hakuwa mwanamke wa mchezo.

Nilimwahidi kwamba mpelelezi wangu, kwa kuwa anapumua kote kuwili, atashuka baharini amtafute babu.

"Akimwona amsalimie," bibi akasema, akaendelea na mchele wake.

Likizo moja baba alinichukua kupeleka kitanda Boko. Nilifurahi, kwa sababu nilikaa mbele kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Tulipokelewa na mzee mrefu aliyekonda, na mkewe alikuwa kitini barazani, mguu umefungwa bandeji, akashindwa kuinuka. Nilipomwamkia mzee aliitikia, "Marahaba, mke wangu." Hilo lilikuwa la kawaida, mzee yeyote angeweza kulisema. Lisilo la kawaida lilikuwa pale alipopitisha mkono kwenye maungio ya kitanda akasema, "Hapa uliharakisha." Baba yangu hakuvumilia kukosolewa na mtu yeyote, na wateja wote aliwaita bosi. Huyu alimjibu kwa sauti ndogo, "Nisamehe, baba."

Nikautazama ule mkono. Kidole cha shahada cha kushoto kilikatikia kwenye fundo la pili. Bibi alishanihadithia mara nyingi jinsi msumeno ulivyomla babu kidole hichohicho, wiki ile waliyooana.

Tuliporudi baba alisimamisha gari kabla hatujafika mbali.

"Umeona nini pale?"

"Nimeona mzee."

Akazima injini. "Bibi yako asijue, mwanangu. Akijua atakufa." Alifuta macho kwa kiganja chenye madoa ya vanishi, na mimi nikaangalia nje nisimwone.

Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo. Miaka yote ile ya ubani, na mtu yuko Boko anakagua vitanda. Sikuweza kumwambia mtu, basi nikachora. Kwa siku mbili nilichora kila kitu: nyumba, mzee, mkono, mkewe kitini. Ukurasa wa mwisho mpelelezi aliandika alichokikuta. Nilikificha kitabu chini ya godoro langu, nikasahau kuwa bibi huanika magodoro kila Jumamosi.

Alasiri ile akaja nacho mwenyewe mkekani. "Mke mwenza, mbona hiki hujanisomea?"

Nikaanza kusoma maneno ambayo hayakuwemo. Nikasema mpelelezi amekwenda kumwona mganga wa Boko. Nikasema mganga ana mgonjwa, ndiye huyu aliyekaa kitini. Bibi akaweka ungo chini, akachukua karatasi, akaishika mbali na macho kama siku zote. Kile kidole nilikuwa nimekichora vizuri mno. Ni siku pekee niliyojuta kwa kuchora vizuri.

"Huyu mwanamke umemchora mrefu," akasema.

"Eti?"

"Mfupi huyu. Akisimama ananifika hapa." Akagusa bega lake. "Niliwafuata mie mwenyewe, hata miezi mitatu haijaisha tangu zile nguo zikutwe Kawe. Nikasimama ng'ambo ya barabara, nikamwona anaanika kanzu ya mume wangu. Nikarudi zangu."

Nikamuuliza, sasa jini je?

"Mke wa aliyechukuliwa na jini anapewa kiti cha mbele. Mke aliyekimbiwa anapewa pole mpaka anakoma. Mie pole zao sikuzitaka."

"Baba anasema ukijua utakufa."

Bibi akacheka, kicheko cha kweli kabisa. "Baba yako ana huruma sana, akili ndo kidogo. Usimwambie. Akijua najua ataona haya, ataacha kwenda kumwona, na yule ni baba yake." Kisha akanirudishia karatasi. "Mpelelezi wako aandike hakumkuta."

"Hawezi, bibi. Yeye huandika alichokikuta."

"Mke mwenza, nakuomba."

Bibi hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa akituma, akiamuru, akikufinya sikio. Nilichana kurasa zile mbele yake, nikachora moja mpya: mpelelezi anatoka baharini Kawe, koti linachuruzika, daftari mkononi. Ameandika, "Nimezunguka bahari yote. Sikumkuta." Alhamisi iliyofuata bibi akaniita niwasomee wageni wake. Wale wanawake walisikitika, mmoja akamshika bibi mkono, na bibi akainamisha kichwa. Nilikwenda chumbani nikalia.

Baadaye nilijaribu kumchora tena mara nyingi. Koti lilikuwa lilelile, macho yaleyale, lakini nikifika ukurasa wa mwisho sikumwamini. Mpaka leo nimechora mashujaa wa kila aina kwa kazi za watu, na hakuna ninayemkumbuka kama yeye. Nilimpenda bibi zaidi, basi, na ningeulizwa tena ningechana tena.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Siku ya mazishi mzee wa Boko alishushwa na bajaji, akaja kwa mkongojo, akaketi mwisho wa mkeka wa wanaume. Akalia kuliko inavyomfaa mgeni. Baba alikuwa uani, akanitazama mimi kwa hofu, maana wanawake waliokuwa nami dirishani walishaanza kuulizana.

"Yule mzee anayelia vile nani kwenu?"

Safari hii hapakuwa na mtu wa kuniomba. Nilikuwa mtu mzima, na bibi hakuwepo tena wa kuumia.

"Ni mteja wa baba," nikasema. "Wa Boko. Aliwahi kutengenezewa kitanda."

Mmoja akasema mzee yule ana utu, kumlilia hivyo mtu asiyemjua. Nikakubali. Kisha nikaomba sinia la kahawa nilipeleke mwenyewe, nikawapa wanaume wote, wazee kwa vijana, na yeye nikampa wa mwisho.