Mkataba Uliosahihishwa kwa Wino Mwekundu

Siku niliyomwambia baba kwamba nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza Vietnam, alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yetu Mollo, anachambua maharage ya mbegu. Hakuinua uso.

"Kufundisha Kiingereza?"

"Ndiyo, baba."

"Kwani Waingereza wamekwisha?"

Nikamweleza kwamba hawajaisha. Ni shule ya watoto wadogo, iko kwenye mji mdogo kaskazini mwa nchi hiyo. Walitangaza kazi mtandaoni, nikaomba, wakanihoji mara mbili kwa simu ya video, wakanikubali. Baba akatupa punje moja iliyotobolewa na wadudu, akasema sawa, lakini kwanza ataniangalia yeye mwenyewe kama ninafaa.

Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Nilikuwa nimefundisha Kiingereza sekondari mjini Sumbawanga kwa miaka tisa, nikiishi kwenye chumba cha kupanga Mazwi. Katika miaka yote hiyo baba alikiri kwamba nakifundisha. Kwamba nakijua, hilo hakuwahi kulisema.

Yeye alikuwa mwalimu wa shule za msingi, akahamishwahamishwa vijijini Ufipa nzima, Msanzi na kwingineko, mpaka alipostaafu. Kiingereza alijifunza kwenye kitabu kimoja kilichokuwa kimechanika kurasa kama thelathini za mwanzo. Kurasa hizo ndizo zilizokuwa na salamu. Kwa hiyo mpaka leo baba hasalimii kwa Kiingereza. Anaanzia katikati ya mazungumzo. Mzungu pekee aliyewahi kumzoea alikuwa padre Mholanzi, naye alikuwa anazungumza Kifipa tu, tena kizuri kuliko chetu. Baba alikijua Kiingereza kama wengine tunavyoijua mbingu: kwa imani, bila kukutana na mtu aliyetoka huko.

Mama alitoka jikoni na ungo wa ulezi, akasimama kusikiliza.

"Hiyo Vietnamu iko upande gani wa Zambia?"

Kwetu nchi za nje zinaanzia Zambia na mara nyingi zinaishia hapo hapo. Baba akachukua kijiti, akachora chini: hapa Mollo, hapa bahari, hapa India, kule mbali, karibu na mguu wa kuku aliyekuwa anapita, Vietnam. Mama akaitazama ile bahari.

"Na hapa katikati utakula wapi, mama?" akaniuliza.

Wiki zilizofuata nilizunguka maofisini: pasipoti, alama za vidole polisi, picha ya kifua, vyeti kugongwa mihuri. Kila ofisi niliulizwa kama naenda kufundisha Kiswahili. Nikisema Kiingereza, karani ananitazama juu mpaka chini. Mmoja aliniuliza kwa huruma kabisa, "Ina maana wao wako nyuma kuliko sisi?" Na kila Jumamosi nilikuwa Mollo, nimekaa kwenye benchi na daftari kama mtoto wa darasa la tano, baba anasoma imla huku anatembea nyuma yangu. Mara ya kwanza nilikosa neno moja. Aliniandikisha mara ishirini.

Kisha mkataba ukaja kwa barua pepe. Kurasa nane. Nikauchapisha stesheneri pale Mazwi, nikaupeleka Mollo Jumamosi ili baba asaini kama shahidi. Walikuwa wanautaka Jumatatu. Niliweka sahihi yangu palepale mezani, nikamsogezea.

"Mimi sisaini kitu ambacho sijakisoma," akasema.

Nikaona ni haki yake. Nikaenda na mama kupura maharage. Tuliporudi alasiri, mkataba ulikuwa ndani ya bahasha ya kaki, umebandikwa kwa gundi.

"Umesoma wote, baba?"

"Wote."

Nilifurahi. Nilipaswa kukumbuka kwamba baba yangu hasomi, baba anasahihisha. Matangazo ya parokia yanayobandikwa mlangoni mwa kanisa hukaa safi mpaka misa ya kwanza iishe. Baba akishapita na kalamu yake nyekundu, waumini wa misa ya pili wanasoma mengine.

Jumatatu nilikuwa na vipindi mfululizo. Nilikimbia stesheneri wakati wa mapumziko, nikampa dada wa pale ile bahasha, nikamwandikia anwani ya barua pepe, nikamwambia aziskani kurasa zote nane zisomeke vizuri, azitume, nami nikakimbia kurudi darasani. Nilipokwenda kuchukua karatasi zangu jioni, alinitazama kama mtu anayetaka kutoa rambirambi.

"Pole, mwalimu. Ila umejitahidi."

"Nimejitahidi nini?"

"Arobaini na moja siyo mbaya sana. Wengine hawafiki hata hapo."

Akanikabidhi. Kurasa nane zilikuwa zimejaa wino mwekundu. Miduara, mishale, vistari. Pembeni baba alikuwa ameandika, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, "Umoja au wingi?" na "Wakati gani huu?" na mahali pengine "Hapana!" peke yake. Ukurasa wa mwisho, chini ya sahihi ya mkurugenzi wa shule, palikuwa na 41/100 ndani ya duara, na maoni: "Ana uwezo lakini hana utulivu. Amwone mwalimu." Chini kabisa, mahali pa shahidi, baba alikuwa amesaini vizuri tu.

"Dada, umetuma hivi hivi?"

"Si uliniambia nitume? Tena nimetuma kwa rangi, maana ulisema zisomeke vizuri."

Kesho yake mchana nilipanda bodaboda mpaka Mollo nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa baba. Shikamoo yenyewe niliitoa nusu. Alipokea kama kawaida, akaniacha niseme yote: kwamba nimeshamuaga mkuu wa shule, kwamba mwenye nyumba ameshapata mpangaji mwingine, kwamba walimu wenzangu wameshanipa kitenge cha kuniaga. Nilipofika kwenye kitenge nikaanza kulia.

"Soma kipengele cha tisa," akasema.

"Baba, nimekisoma."

"Hukukisoma. Ungekisoma usingesaini. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Nikarudi mwanzo wa mstari. Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, akauliza kimesemaje. Baba akamtafsiria bila haraka:

"Mwalimu atakula watoto kila siku saa sita mchana."

"Atakula nini?"

"Watoto."

"Mama, wamesahau neno moja dogo," nikasema. "Walitaka kusema nitakula pamoja na watoto."

"Hata kama! Mtu wa Sumbawanga akaweke sahihi kwenye karatasi kwamba anakula watoto? Sisi tunavyosemwa kwa uchawi nchi hii? Huendi."

"Sahihi ameshaweka," baba akasema.

Nilituma barua ya kuomba radhi. Niliiandika mara tatu, nikiwa mjini, mbali na kalamu ya baba. Siku nne zikapita bila jibu. Nilianza kufikiria namna ya kumrudia mkuu wa shule, na kama ningeweza kukirudisha kile kitenge. Siku ya tano likaja jibu la mstari mmoja: mkurugenzi anaomba tuzungumze kwa video Alhamisi, mimi pamoja na mtu aliyesahihisha.

Nyumbani Mollo mtandao haushiki ndani. Unashika kwenye kichuguu kilicho mwisho wa shamba la mahindi. Alhamisi asubuhi baba alivaa koti lake la kustaafu na tai, akabeba kigoda, akakaa juu ya kichuguu. Mimi nilichuchumaa kando yake nimeshika simu, na mama akasimama nyuma yetu na mwavuli, kwa sababu jua la Julai kwetu linachoma huku upepo unagandisha, na mwavuli huo ulikuwa unajaribu kumbeba kila upepo ukivuma.

Kioo kikawaka. Mkurugenzi alikuwa mama wa makamo, miwani, nywele zimefungwa nyuma, ukutani picha za matunda. Alikuwa ameuchapisha mkataba ule; aliuinua, na wino wa baba ukaonekana mwekundu vilevile. Akatusalimia kwa unyenyekevu mkubwa.

"Kipengele cha tisa," baba akajibu, kwa Kiingereza.

Nilifumba macho. Nilipofumbua, yule mama alikuwa ameinama anaandika. Walikipitia kipengele hicho, kisha cha kumi, kisha wakarudi cha kwanza. Kila baba alipoeleza, yule mama alirudia polepole, akauliza, akaandika. Mwishowe akavua miwani. Alisema mkataba ule aliuandika yeye mwenyewe. Kiingereza alijifunza ukubwani, peke yake, kwenye kitabu cha makarani wa bandari. Ndiyo maana maneno ya shehena na bima anayajua sana, lakini ya mambo ya mezani yanamshinda. Walimu wengi wa kigeni wamesaini karatasi ile ile mwaka baada ya mwaka. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kitu.

"Hawakusoma," baba akasema.

"Au walinicheka wakaniacha," akasema yule mama.

Upepo ukapuliza tai ya baba ikampiga usoni, hakuitoa. Kisha akamsimulia habari za kitabu chake kilichochanika, namna alivyofundisha watoto miaka mingi bila kujua jinsi ya kusema habari za asubuhi. Yule mama akacheka mpaka akafuta machozi, na baba naye akacheka. Nilimtazama mama. Mama hajui Kiingereza, lakini alikuwa anacheka kuliko wote.

Halafu baba akakumbuka yeye ni nani. Akamwambia aandike masahihisho, vipengele vyote, ayalete Jumatatu.

Nusura nianguke kwenye kichuguu. Mwajiri wangu! Lakini alijibu ndiyo, mwalimu. Mama naye akadai apewe nafasi, akanituma niulize hao watoto wanakula nini hasa. Yule mama akabeba simu yake mpaka jikoni, akatuonyesha sufuria la wali, mboga za majani, na samaki.

"Wali upo," mama akasema. "Aende."

Masahihisho yalifika Jumapili, siku moja kabla. Baba aliyasahihisha mezani kwa saa nzima, nikiwa nimekaa mbele yake kumlinda. Alimpa themanini na nane. Alama kadhaa alizikata kwa sababu hakuacha pambizo. Chini akaandika: "Umefanya vizuri sana."

Niliyatazama maneno hayo kwa muda. Naona aibu kusema, lakini nilimwonea wivu mwanamke ambaye sijawahi hata kumshika mkono.

"Baba," nikasema, "mimi hukuwahi kuniandikia hivi. Hata mara moja. Na ulinifundisha darasani miaka mitatu."

Alifunika kalamu yake, akaiweka mfukoni.

"Wewe ulikuwa unapata mia," akasema. "Mtu akipata mia unamwandikia nini?"

Nikaenda nje kumsaidia mama kuanika ulezi.

Siku ya kupima begi tulilibeba mpaka kwa mnunuzi wa mahindi, tukalitundika kwenye mizani yake ya ndoano kama gunia. Lilizidi kilo tisa. Ndani kulikuwa na unga wa ulezi wa mama, maharage, samaki wakavu aina ya migebuka, na kamusi ya baba yenye jalada gumu. Nilisema kitu kimoja lazima kitoke. Mama akaitazama kamusi. Baba akautazama unga. Kwa ajili ya amani ya nyumba nikatoa viatu vyangu, masweta yangu mawili na gauni nililokusudia kuvaa siku ya kwanza kazini.

Asubuhi ya safari walinisindikiza stendi wote wawili. Baba alinipa mkono kama mkaguzi wa shule.

"Ukifika, andika barua."

"Nitapiga simu, baba. Kila Jumapili."

"Simu haina aya," akasema. "Andika barua."

Nikapanda, nikakaa dirishani. Basi lilipoanza kusogea nilimwona mama anatembea sambamba nalo, kitenge kimemlegea, anagonga bati. Nilidhani anataka kunibariki. Nikafungua kioo.

"Mama!" akaita kwa sauti iliyosikika mpaka siti ya nyuma. "Chooni umekwenda?"

Dereva akapunguza mwendo. Konda akageuka, akanitazama. Abiria wote wakatega masikio, wanasubiri jibu la mwalimu wa Kiingereza anayekwenda ng'ambo.

"Nimekwenda, mama!"

Haikuwa kweli, na kabla hatujafika Laela nilikuwa nimeshasimama mara mbili kumbembeleza konda asimamishe gari.