Dirisha Lililomeza Shamba

Mama yangu alikubali kukaa kwetu Kibiti msimu ule kwa sharti moja: alione shamba lake la mpunga la Maparoni kwa macho yake mwenyewe. Goti lilikuwa limemkatalia kupanda mtumbwi, sembuse ngazi ya dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu wetu hukaa mpunga unapochanua, wakiamia ndege, yaani kuwafukuza, hadi mavuno. Wifi yake, yaani shangazi yangu, alikwenda kuamia badala yake.

Tulimwambia mama kwamba shamba liko salama, naye hakuamini hata neno. Simlaumu. Kwetu mgonjwa hapewi habari mbaya. Kaka yake alipofariki, mama akiwa mgonjwa, ukoo ulimficha habari hadi alipopata nafuu, akalia peke yake, matanga yameshaanuliwa. Mimi nauhesabu uongo wa huruma kuwa ni uongo. Anayedanganywa kwa ajili ya afya yake hupona mwili, akabaki na ugonjwa wa kutoamini.

Binti yangu, anayesomea kompyuta chuoni, alikuwa akitengeneza programu ya kutambua ndege katika picha za mashamba na kuwazungushia mraba mwekundu. Alikwenda Maparoni, akapiga picha, na aliporudi akaweka kompyuta yake juu ya meza ndogo barazani, baada ya sala ya alasiri, mbele ya bibi yake. Alitaka aione kazi yake pamoja na shamba.

Picha ikafunguka. Maji matupu, yamejaza kioo chote.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Kisha akavuta ushungi wake na kuniomba, kwa sauti ya kawaida kabisa, nimletee fuko lake la nguo. Alisema mto umelichukua shamba, alilijua hilo tangu mwanzo, na afadhali akafie huko kuliko kulishwa maneno matamu hapa.

Binti alijitahidi kueleza. Programu ilikuwa imefungua dirisha la kuonyeshea picha kwa ukubwa wa picha yenyewe, bila kujali udogo wa kioo. Tulichokiona ni pembe ya juu tu, palipo na mto. Shamba lilikuwa limebaki nje. Na dirisha lile halikukubali kuvutwa, kwa kuwa programu haikuwa imeambiwa kwamba dirisha linaruhusiwa kubadilika. Akaandika mstari mmoja wa kutoa ruhusa hiyo, akaiendesha upya. Mama alikuwa ameshaanza kutafuta ndala zake kwa mguu.

Safari hii dirisha lilivutika. Lakini kwa pupa binti alilipunguza kimo, akalitanua kwenda upande, na picha ikafuata. Dungu likawa pana kama ghala, na juu yake akaonekana mwanamke mwenye mabega ya kuziba mlango.

Mama akasimama, ndala moja mguuni. "Huyo ni wifi yangu?"

"Ndiye, Bibi."

"Mpunga haujaiva, yeye kashanenepa. Anakula nini huko, ndege?"

Mwenyewe hakucheka, ila alikaa.

Binti akaiamuru programu ilinde uwiano wa upana na kimo, kisha akalipa dirisha kipimo cha kutosha kwenye kioo. Shangazi akarudia wembamba wake. Mpunga ukatokea, wa kijani, masuke yanaanza kuinama, na mto mahali pake, mbali pembeni. Nilitafakari kwamba yale maji yalikuwa kweli tangu mwanzo. Kipande cha kweli, kikikosa nafasi ya kuungana na vingine, kilitosha kumvunja mtu moyo.

Chini kulia, mraba mwekundu ulizunguka kitu kilichoning'inia kwenye nguzo ya dungu. Programu ilikihesabu kuwa ndege. Mama akasogeza uso. Ulikuwa mtandio wake wa zamani. Wanawake wa ukoo wetu hufunga nguo ya mwenye shamba pale akiwa hai lakini hayupo, ili wapitao wajue kwamba mahali pale pana mwenyewe.

Binti aliona haya, akasema ataisahihisha programu isikosee tena.

"Mwache huyo, mke mwenzangu," mama akamwambia mjukuu wake, kidole chake kikiwa juu ya kioo. "Huyo hali mpunga."

Akavua ndala. Nikalirudisha fuko chumbani.