Makuti Juu ya Sutuhi

Mama mkwe wangu alisema nyumba ile haina paa. Alisema hivyo siku ile ile tuliyoingia, mwaka wa sitini na nne, mizigo bado iko mlangoni, na aliendelea kusema mpaka hata watoto wa jirani wakalijua neno hilo kwa Kiswahili. Paa ilikuwa nalo. Lilikuwa bapa kama sinia: boriti, juu ya boriti mikeka ya mtende, juu ya mikeka udongo uliokandwa na mabua ukashindiliwa unene wa shibiri nzima. Sie tukiliita sutuhi, kama walivyosema wazee wetu Unguja. Wakati wa joto watu wa Maskati hupanda wakalala huko. Lakini kwa mama mkwe wangu, paa ni kitu kilichoinama pande mbili mvua ikateremka. Hicho tulichokuwa nacho sisi, alisema, ni sakafu iliyopotea njia.

Boriti zenyewe zilikuwa za mikoko, zimetoka pwani ya kwetu. Mume wangu alizipiga kwa vidole akasema hawa ni jamaa zetu, wamefika zamani, na hatujawasikia wakilalamika. Mama yake akamjibu kuwa boriti hazina kifua.

Majina ya watu wote wa khabari hii nnayo, hata la paka wa jirani, lakini siandiki jina la mtu. Aliyekufa hawezi kukanusha, na aliye hai atakanusha.

Kifua ndiyo khabari yenyewe. Mwanangu wa kwanza, msichana, tulikuja naye mdogo, na kila baridi ikiingia alikuwa anakohoa. Baridi ya Maskati si ya kuogopesha. Mchana unafua uani na kanga moja, jua liko juu, huna dhiki. Jua likishazama ndipo unaposikia ubaridi unakuja miguuni, na ikifika alfajiri chumba kimekuwa kama ndani ya mtungi. Wenyeji walijua namna ya kuishi nayo. Sie tulikuja na nguo za Unguja na blanketi moja, na blanketi lenyewe lilikuwa la kutandika.

Baridi ya pili mtoto alikohoa mpaka sauti ikamkauka. Mama mkwe alikuwa na mwana mwengine Mombasa, mkubwa wa mume wangu, na siku moja baada ya chakula cha mchana akatupa khabari. Hakutisha, wala hakupandisha sauti. "Baridi ijayo ikimkuta mtoto huyu anakohoa," alisema, "mimi na yeye tutakuwa Mombasa kwa kaka yako."

Mume wangu akanawa mikono. Kwao mwana hamwambii mama yake hapana, na mimi nilikuwa mke wa mwana, kwa hiyo mimi sikuulizwa. Lakini nilijua maana yake. Wakati ule Maskati kutoka ilikuwa kwa ruhusa, na kurudi ruhusa nyengine, na hiyo ya pili hakuna aliyeweza kukuahidi. Mtoto akenda Mombasa keshakwenda.

Kwanza tulijaribu jiko la mkaa chumbani. Ukifunga mlango mtoto anakohoa kwa moshi, ukifungua unaupasha moto ua. Mkaa nao ulikuwa ghali, tukinunua kidogo kidogo kama dawa. Ikawa hapana ila kuishughulikia nyumba yenyewe.

Mume wangu alikuwa mwalimu Unguja, na Maskati akipata kazi ya kuandika barua za tajiri mmoja huko Matrah. Alikuwa na maelezo ya kila kitu. Alituambia baridi inashuka kutoka juu, kwa hiyo tukiizuwia juu, chini tutasalimika.

"Mwaka mzima nnasema," mama yake akasema. "Nyumba haina paa."

Basi likakubaliwa paa la makuti juu ya sutuhi. Mnazi hapakuwa, palikuwa na mtende, na mama mkwe alisema jani ni jani. Alikaa uani akajaribu kuyasuka yale majani kama tunavyosuka makuti ya kwetu. Jani la mnazi linatii. La mtende lina mwiba na lina maoni yake. Alipokwisha kujichoma vidole vyote aliyaweka kando, akasema majani ya nchi hii hayakulelewa vizuri. Mwisho tukanunua yale majamvi magumu wanayofuma wenyeji kwa fito za mtende, wanayotumia kwa kivuli.

Mume wangu alisimamisha miti juu ya sutuhi akayaegemeza majamvi pande mbili, katikati pameinuka, kila kitu kimefungwa kamba. Ilimchukua Ijumaa nyingi, kwa sababu mikono ilikuwa ya chaki. Mama yake alisimama uani akimwelekeza, kisha akapanda mwenyewe, mwanamke wa umri wake, akaishika ngazi kwa mkono mmoja na kwa mkono mwengine anaonyesha. Majamvi yalitosha vyumba vyote viwili vya kulala. Juu ya stoo hayakufika, tukaacha, kwani stoo inakaa tende na vitunguu tu.

Lilipokwisha, ukilitazama kutoka njiani ulikuwa unaona kibanda cha Unguja kimekaa juu ya kichwa cha nyumba ya watu. Mama mkwe alilitazama kitambo kirefu. Usiku ule alikula akaongeza, na tangu tulipofika nilikuwa sijamwona akiongeza.

Jirani yetu, mwanamke wa hapo hapo, alikuwa na desturi ya kuzungumza na sisi kutoka sutuhi yake, ukuta uko baina yetu wa kufika kiunoni. Akapanda kuanika, akaliona. Akauliza kwa Kiarabu kama sisi tunasikia joto.

Nilimjibu kwa Kiarabu changu kibovu kuwa hatusikii joto, tunasikia baridi, ndiyo maana tumejenga. Yule mama akayatazama majamvi, akalitazama jua, akanitazama mimi. Akasema mashaallah, akaendelea kuanika.

Mama mkwe alikuwa anasikia Kiarabu vizuri kuliko alivyokisema. "Watu wa hapa wana kejeli," akasema tulipoteremka. Mimi nikakubali. Baadaye ndipo nilipofahamu kuwa yule mama hakutukejeli hata kidogo. Kwao majamvi huwekwa joto linapoingia na huondolewa baridi inapoingia, na kwa kuwa sisi tuliyaweka baridi inapoingia, aliuliza alichokiona.

Baridi ikaja. Vyumba vikawa na baridi kuliko mwaka uliotangulia. Mama mkwe akasema lau si makuti ingekuwa mbaya zaidi, na mume wangu akaeleza kwa nini ingekuwa mbaya zaidi. Mtoto akaanza kukohoa, kwanza alfajiri, kisha usiku kucha.

Palikuwa na jamaa wanasafiri kwenda Mombasa, watu wa kwetu, na mama mkwe akapeleka salamu kuwa atafuatana nao, yeye na mjukuu wake. Wakakubali. Akafungua sanduku. Akaanza kumshonea mtoto magauni mepesi yasiyo na mikono, ya wakati wa joto, akimpima mgongoni huku mtoto anakohoa, akimwambia simama sawa mwanangu, kule utacheza ufukweni. Mtoto alifurahi. Alikuwa hajui Mombasa iko wapi, lakini gauni alikuwa analiona.

Mimi nilipika, nikafua. Usiku nilikuwa namwekea mgongo wangu apate joto. Nilimuuliza mume wangu mara moja tu, anasemaje. Akasema mama yake ameshasema. Sikumuuliza tena.

Siku moja mama mkwe akataka tuwapelekee wale wasafiri mkate wa kumimina. Kwa mkate ule alikuwa hana mwenzake. Nazi tulizipata sokoni Matrah, zilizotoka Malabari, na mchele niliutwanga mwenyewe. Aliumimina kwenye sufuria juu ya moto mdogo, akaenda kusali adhuhuri, akaniachia nipalie, yaani niweke mkaa wa moto juu ya mfuniko ili mkate uive juu na chini.

Mfuniko wetu ulikuwa umepinda na mimi niliogopa majivu yasiingie. Nikachukua kipande cha bati, nikakiinua juu ya mfuniko kwa vijiwe, mkaa nikauweka juu ya bati. Niliona nimefanya akili.

Akarudi, akafunua. Chini umeiva, juu ni uji.

"Nani kakufunza hivi?"

"Nilichelea majivu, mama."

"Mkaa uko juu ya bati, bati liko juu ya mawe, mfuniko uko chini kule peke yake. Utapata moto wapi? Mkate utaiva kwa dua?"

Alilitoa bati akalitupa uani. Mimi nilifuata kwa macho lile bati lilipoanguka, kisha macho yakapanda yenyewe mpaka juu. Nikayaona majamvi, yameinuliwa kwa miti, jua la adhuhuri linawaka juu yake, na sutuhi iko chini kule peke yake.

Mke wa mwana hasemi na mkate wa mkwewe umeharibika.

Magharibi niliingia stoo, ambako juu hakuna jamvi. Dari yake ilikuwa fupi, nikainua mkono nikaishika. Ilikuwa vuguvugu, kama chungu kilichoepuliwa motoni kitambo. Nikenda chumbani nikaishika ya huko. Ilikuwa kama jiwe la kisimani. Basi nikasogeza magunia ya tende, nikatandika baina yake, nikamlaza mwanangu humo, nikalala naye. Alikohoa mwanzo wa usiku. Kisha akanyamaza, na mimi nikakaa macho nikisikiliza kama yuko hai.

Asubuhi mama mkwe hakumwona mtoto kitandani. Alikuja mpaka mlango wa stoo na mtandio mkononi. Akasema mjukuu wake amewekwa na vitunguu, na kwamba hayo atayasimulia Mombasa.

"Ingia, mama," nikamwambia.

Akaingia kumtoa. Hakutoka. Nilipofungua mlango zaidi nilimkuta amekaa juu ya gunia, ameilegeza kanga ya mabegani, mtoto bado amelala.

"Mna jiko humu?"

"Hamna."

"Amekohoa?"

"Mwanzo wa usiku tu."

Akaitazama dari. Nikamwambia jambo moja, taratibu, kama mtu anayetaja bei. "Huku makuti hayakufika, mama. Jua linapalia."

Sikuwa na haja ya kuongeza. Alikuwa anapika mkate wa kumimina kabla mimi sijazaliwa. Alingoja mpaka mtoto alipoamka mwenyewe, kisha akamshika mkono wakatoka.

Mume wangu alipokuwa anakunywa chai, mama yake alimwambia lile paa livunjwe leo. Majamvi yalazwe bapa, yakunjwe asubuhi na yatandikwe magharibi. Mume wangu akauliza kwa sababu gani, akawa tayari ameshaanza kueleza kuwa baridi inashuka. "Baba," mama yake akasema, "chungu kinapaliwa kwanza, kikishaiva ndiyo kinafunikwa. Kunywa chai yako."

Mume wangu akalivunja. Mama mkwe hakupanda safari hiyo. Alikaa mlangoni akiipa mgongo kazi yote. Mwanawe aliposhuka na ile miti begani akamuuliza kama anasikitika.

"Lilikuwa linavuja," akasema.

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu lijengwe. Usiku ule hakuongeza chakula.

Tukashika desturi hiyo. Asubuhi mimi napanda nakunja majamvi, sutuhi inakula jua mchana kutwa. Jua likiinama napanda natandika, joto libaki ndani. Chumbani hatukuunguza hata kipande cha mkaa. Mjukuu wangu mmoja sasa anakaa Al Khuwair, mtaa wa Maskati, anafanya kazi ya majengo, na alinieleza kwa mchoro namna ya kulifanya paa lihifadhi joto wakati wa baridi. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza sisi tulijuaje, nikamwambia tulikuwa tunapika.

Chumba kilibadilika, lakini kifua hakiponi siku moja, na safari ilikuwa bado ipo. Sanduku lilikuwa limefungwa, liko chini ya kitanda. Mama mkwe hakulitaja na mimi sikulitaja. Kila mtoto akipiga kikohozi mimi nilikuwa natazama uso wa bibi yake, na yeye alikuwa akitazama pengine.

Wale jamaa wakamtuma mtu wao, mwanamke mmoja mtu mzima aliyezaliwa Mombasa, kuja kuuliza kama sanduku liko tayari. Tulimkaribisha, akapewa kahawa na tende. Mtoto alikuwa anafagia ua kwa kucheza, akajitia vumbi, akakohoa. Mkono wangu ulikuwa na birika, nikaitua.

Mama mkwe alimsikiliza mtoto mpaka kikohozi kikakatika. Kisha akamgeukia mgeni.

"Wambie wenzio waende salama," akasema. "Mombasa joto. Mtoto huyu hawezi joto, ataota vipele."

Mgeni akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi, kwani mimi ndiye mama. Mwanangu hajapata kuota kipele tangu azaliwe, na alizaliwa Unguja, mwezi wa joto.

Nikasema ni kweli, huota, khasa mgongoni.